Zamu ya Saa Tisa

Kule Langas, ukishapita posho mill, kile kinu cha kusaga mahindi, na kabla hujafika lile kanisa la mabati ya bluu, utaona fremu ya sofa imewekwa kando ya barabara, mbao tupu, haina sponji wala kitambaa. Usiulize bei, haiuzwi. Hicho ndicho kijiwe chenyewe. Fundi Obiero aliiunda siku ambayo akili yake ilikuwa kwingine, mguu mmoja ukatoka mfupi, akaona aibu kuivika kitambaa, na tangu hapo inakaliwa na watu wenye maneno mengi kuliko kazi. Asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado inauma masikio, Tryphosa huleta thermosi yake kubwa ya kahawa na vikombe vya plastiki, na kabla kikombe cha pili hakijapoa, serikali imeshaangushwa, kanisa limeshagawanywa mara mbili, na bei ya mahindi imeshapangwa upya bila mkulima hata mmoja kuulizwa.

Wenye kijiwe hawazidi watano. Kuna Wepukhulu, karani wa kupeleka makaratasi kortini, ambaye kwa kupanda zile ngazi miaka mingi amejipa mwenyewe cheo cha Wakili. Kuna Murunga, bawabu wa ghala la mahindi, anayekesha na redio sikioni na kwa hivyo anaitwa Dunia Nzima. Kuna Byron wa bodaboda, ambaye hana kanisa wala haraka ya kulitafuta. Kuna Tryphosa na thermosi yake. Na kuna Obiero, ambaye kwa mwezi mzima sasa hakuna anayemwita Obiero. Anaitwa Saa Tisa.

Jina hilo lilikuwa la heshima, na lilikuwa likimnyima usingizi. Mguu wa Mama Adoyo ulikuwa umevimba wiki nyingi, hawezi kusimama, na kanisa likaamua kumfungia maombi: watu wafunge kula, kisha usiku kila mmoja apewe saa yake moja ya kupiga magoti nyumbani kwake, akimaliza apokewe na mwingine mpaka kupambazuke. Obiero akapewa saa tisa. Alfajiri ya usiku huo huo Mama Adoyo alitembea mwenyewe mpaka langoni kununua maziwa. Jumapili akasimama kanisani akasema kwamba mguu ulianza kuwa mwepesi saa tisa usiku, alisikia jogoo mkorofi wa jirani akiwika wakati huo. Mchungaji akamwita Obiero mbele. Watu wakapiga makofi, Obiero akatazama viatu vyake, na watu wakasema, mwone alivyo mnyenyekevu.

Asubuhi hiyo ya Jumatano Tryphosa alimpa yeye kikombe cha kwanza, kama ilivyokuwa desturi mpya.

— Kunywa, Saa Tisa. Na usiku ukipiga magoti, nitajie yule msichana wangu. Ana mtihani.

Obiero aliitikia kwa kichwa. Wiki hiyo alikuwa ameshapokea ng'ombe wa Moiben asiyeshika mimba, viazi vya Burnt Forest vilivyoingiwa na ugonjwa shambani, na bwana mmoja wa Munyaka aliyetaka bosi wake ahamishwe, ikiwezekana mbali. Alipokea yote, akaenda nayo nyumbani, akalala nayo.

Byron, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Mathe, hiyo request unapeleka kwa mtu hayuko. Ile usiku si huyu aliomba. Ni simu.

— Byron! akasema Obiero.

— Ni ukweli, buda. Mimi nimechoka kubeba hii siri. Kila mtu nabeba kwa pikipiki ananiambia story ya Saa Tisa, na mimi nauma ulimi mpaka Kapsoya.

Vikombe vyote vilishuka kutoka midomoni. Posho mill, kwa bahati mbaya ya Obiero, ilikuwa imezimwa wakati huo, kwa hivyo hapakuwa na kelele ya kujificha nyuma yake.

— Simu gani? akauliza Wakili, taratibu, kama mtu anayemfungulia shahidi mlango wa kizimba.

— Hii, akasema Obiero, akaitoa mfukoni akaiweka juu ya mbao. Aliona afadhali imalizike, akaendelea: Nilikuwa na seti ya sofa ya watu wa harusi. Nilikuwa nimepiga misumari tangu asubuhi mpaka usiku, na tumbo halina kitu kwa sababu tulikuwa tunafunga. Nikajua saa tisa itanipata nimekufa kwa usingizi. Byron akaniambia kuna hiyo mashine ya kwa simu, yenye unaongelesha inakujibu kama mtu. Nikaona heri zamu yangu ishikwe na kitu kuliko ikae wazi.

— Nikaiambia itunge maombi ya mguu, akadakia Byron. Wueh! Ikashuka na Zaburi, ikashuka na Isaya, ikataja mguu, goti, mishipa, damu, mpaka vidole moja moja. Nikaiseti ikifika saa tisa isome kwa sauti, pole pole, na ikimaliza ianze tena.

— Na ikasema amina? akauliza Tryphosa.

— Ikasema amina. Halafu ikauliza kama tungependa iyafupishe.

Tryphosa aliweka thermosi chini, akajishika kiuno.

— Na wewe ulikuwa wapi?

— Nilikuwa kitandani, Tryphosa, akasema Obiero. Nimelala.

Alitarajia kutukanwa. Alikuwa karibu aitake hiyo aibu, aipate yote mara moja aende akapige misumari. Lakini alikuwa amesahau yuko na watu gani. Hakuna aliyemtukana. Wakili alikohoa, akakunja mguu juu ya mguu, na macho yake yakang'aa.

— Mimi naona hakuna kosa, akasema Wakili. Sikizeni. Mimi kila siku napeleka makaratasi kortini. Ni mimi nimeandika? Hapana. Ni mimi nimesoma? Hata sisomi. Lakini jaji anakubali, kwa sababu nimetumwa na mwenye kesi. Sasa simu ni karani. Mwenye kesi ni Obiero. Hiyo sala ni ya Obiero kabisa, imefailiwa kwa wakati, imepigwa muhuri.

— Karani ana roho, akasema Tryphosa.

— Tryphosa, wewe hujaona makarani wa pale kwetu.

— Hiyo mambo ya kesi wacha, akasema Murunga, Dunia Nzima. Shida ni kubwa kuliko hiyo. Mnajua hizo mashine zimesoma Biblia yote? Yote! Mwanzo mpaka Ufunuo, pamoja na zile orodha za majina yenye sisi huruka. Nani hapa amesoma Biblia yote?

Kila mtu akapata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake.

— Mnaona! Kwa hivyo hapa Langas nzima, mwenye anajua Neno kuliko wote ni hiyo simu. Hata mchungaji haifikii. Inafaa ibatizwe, iingie ushirika rasmi, tujue iko upande gani. Maana ikichukuliwa na upande ule mwingine ikiwa na elimu yote hiyo, tumeisha.

— Ikibatizwa si itakufa? akasema Tryphosa.

— Hii model iko sawa na mvua kidogo, akasema Byron. Lakini usiizamishe.

— Kunyunyiziwa peke yake? akasema Murunga, uso ukamwanguka. Basi hiyo imeenda kwa Waanglikana. Sisi ni wa kuzamisha mtoni.

— Na kabla ya kubatizwa mtu hutubu, akasema Wakili, ambaye hapendi kuachwa nyuma. Je, hiyo simu ina dhambi? Hebu tuulize kisheria. Obiero, hii ndiyo simu yenye unaongea nayo na wateja?

— Ndiyo hii.

— Ile ya "niko hapa kwa kona nakuja"?

— Wakili...

— Ile ya "kitanda chako kiko kwa gari saa hii," na mimi niko hapa nimekalia hiyo mbao ya kitanda?

Byron alipiga kofi tanki la pikipiki. Obiero aligeuza simu kifudifudi. Ni kweli jana yake, simu hiyo hiyo ikiwa shavuni, alimwambia mama mmoja wa Kimumu kwamba kabati lake limebakiza varnish, na kabati lenyewe wakati huo lilikuwa bado ni mti.

— Kwa hivyo mdomo uliomwomba Mungu usiku, akasema Wakili, ndio mdomo unadanganya mchana.

— Hiyo si shida ya simu, akasema Tryphosa. Hiyo ni waumini wote ninaowajua. Mimi swali langu ni lingine. Obiero, tulikuwa tunafunga. Tulikubaliana hakuna kula tangu asubuhi mpaka kupambazuke.

— Ndiyo.

— Hiyo simu usiku ilikuwa wapi?

— Kwa dirisha.

— Nauliza, ilikuwa kwa chaji?

Obiero alifikiri. Aliona wazi ile waya nyeupe ikining'inia kutoka kwa soketi.

— Ilikuwa kwa chaji, akakiri.

— Yesu wangu! Tryphosa akarusha mikono juu. Ilikuwa inakula! Watu tumekauka midomo, mimi nimepika chapati za kuuza bila kulamba hata unga, na yenyewe inaomba huku inakula usiku kucha!

Hapo kijiwe kilichemka. Wakili alidai umeme si chakula bali ni usafiri. Murunga alisema redio ilishaeleza kwamba hizo mashine zinakula umeme kama mji mzima na kunywa maji kama ng'ombe wa maziwa, kwa hivyo hapo si chakula tu, hiyo ni karamu. Byron alisema kama umeme ni chakula, basi stima ikipotea mtaa mzima unafunga, na kwa hesabu hiyo Langas ndiyo sehemu takatifu kuliko zote hapa nchini.

— Mimi hata nilifunga na maji sikunywa, akasema Wakili. Zamu yangu ya saa saba niliomba mpaka shati ikaloa.

— Mimi saa nane nilinena kwa lugha hata paka akatoroka, akasema Murunga.

— Mimi nilipokea saa kumi, akasema Tryphosa. Niliomba na machozi.

Obiero aliwasikiliza, na kila mmoja alivyosema, yeye alizidi kudidimia kwenye mbao. Wenzake walikuwa wameloa mashati, na yeye alikuwa amekoroma. Na si kwa ajili ya mtu yeyote tu. Mwaka alipofika Eldoret kutoka Ugenya, kijana wa kiwanda asiye na ndugu mji mzima, alipatwa na homa ya matumbo, na huyo huyo Mama Adoyo, asiyemjua kwa baba wala kwa mama, alimbeba kwake akamnywesha uji kwa kijiko. Alikaa kando ya mkeka wake usiku baada ya usiku, akimfuta uso. Obiero alipokuwa akizinduka alikuwa akiuona mkono ule na kitambaa chake. Hakumbuki kuuona umelala. Na yeye aliombwa saa moja.

— Mnajua nini kinanitisha? akasema Murunga, sauti ikiwa imeshuka, maana sasa alikuwa amefika pale anapopenda kufika. Tuseme hizi mashine zinaendelea. Watu wote wanaziachia kuomba. Halafu huko juu, maombi yakiwa mengi, malaika nao wanaleta mashine yao ya kupokea. Sasa simu inaomba, mashine inajibu. Simu inaomba, mashine inajibu. Huku chini watu wamelala. Huko juu, sijui.

Byron alitazama juu kidogo, kama mtu anayeangalia mvua, kisha akajifanya anakaza kofia yake.

Wakati huo ndipo waliposikia fimbo ikigonga changarawe.

Mama Adoyo alikuwa anakuja polepole, leso kichwani, sweta ya kanisa, mguu mmoja ukiburutwa nyuma ya mwingine. Wote walisimama. Wakili alipangusa mbao kwa mkono wake wa koti.

— Shikamoo, Mama.

— Kaeni, kaeni. Mimi sikai, nikikaa kuamka ni kazi, akasema Mama Adoyo. Nimepita tu. Kesho naenda Plateau, kwa hospitali ya misheni. Kuna kitu kimeota nyuma ya goti, wanataka kukitoa.

— Lakini si ulipona, Mama? akasema Tryphosa.

— Nilisimama, Tryphosa. Nilishukuru kusimama. Kupona bado.

— Warranty ilikuwa fupi, akanong'ona Byron, na Wakili akamkanyaga.

— Wamesema watanilaza usingizi wa dawa, akaendelea Mama Adoyo. Sitawaficha, naogopa. Mzee wangu alilazwa hivyo hivyo na hakuamka. Wamesema naweza kuja na mtu mmoja, akae na mimi mpaka nisinzie, anishike mkono. Mmoja tu. Binti yangu Akumu yuko mbali, hatafika. Basi nikasema nitachukua mmoja wa wale waliokesha na mimi. Ile usiku mimi sikulala kwa uchungu. Nilikuwa najiambia, saa hii fulani yuko macho ananitaja, saa hii fulani. Ndiyo ilinivusha.

Alimgeukia Obiero akatabasamu.

— Nimekuja kwako kwanza, nyathina, mwanangu, kwa sababu ya saa tisa.

Obiero angeweza kunyamaza. Kijiwe kizima, alijua, kingemsaidia kunyamaza, kwa mapenzi tu.

— Mama, haikuwa mimi, akasema. Nilikuwa nimelala. Niliweka simu iombe. Ni sauti ya simu tu ilikuwa inasema. Nisamehe. Wewe ulikesha kwangu, na mimi sikuweza saa moja.

Mama Adoyo hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alitazama ile simu juu ya mbao kwa muda, kama anavyotazamwa mgeni ambaye hujui umsalimu kwa lugha gani.

— Ilitaja jina langu?

— Ilitaja, Mama, akasema Byron. Mara mingi.

— Sawa. Basi huyo alikuwa simu. Akawageukia wengine. Na kati yenu nyinyi, ni nani alinitaja?

Lilikuwa swali jepesi, la kujibiwa na mtoto. Wakili, mtu wa kujibu kabla hajaulizwa, alianza kuhesabu vifungo vya koti lake.

— Mimi, Mama... mimi nilianza, akasema hatimaye. Nilipiga magoti vizuri sana. Halafu nikaegemea kitanda kidogo.

— Ukamaliza?

— Kitanda kilikuwa karibu, Mama.

— Murunga?

— Nilikuwa kazini, Mama. Na kulikuwa na habari za nje. Nikasema zikiisha tu nitaanza.

— Ziliisha?

— Habari za nje haziishi, Mama.

Tryphosa alikuwa ameshika thermosi kwa mikono miwili, macho chini.

— Mimi niliweka alarm.

— Ililia?

— Ililia. Jirani aliniambia.

Mama Adoyo aliitikia kwa kichwa, pole pole, mtu anayepanga vitu vyake upya kichwani. Obiero alimwona akikunja kidole kimoja kimoja, saba, nane, tisa, kumi, na hilo lilimchoma kuliko makofi yote ya kanisani.

— Kwa hivyo usiku wote, akasema Mama Adoyo, mwenye alikuwa macho ni mimi na simu.

Posho mill iliwaka ghafla, ikanguruma, na hakuna aliyeshukuru. Mama Adoyo alinyoosha mkono.

— Basi nipeni hiyo simu. Nitaenda nayo.

Hakuwa anatania. Huo ndio ulikuwa mkono ule ule wa kitambaa, umekonda sasa, mishipa juu, kiganja kimefunguliwa. Byron alikuwa tayari anaishika simu amkabidhi. Obiero akamzuia.

— Hapana, Mama. Nitaenda mimi.

— Utaniombea?

— Sijui kuomba kama ile. Ile ilijua maneno.

— Jaribu.

— Hapa?

— Kwani hapa kuna nini?

Hapo palikuwa na changarawe, maranda ya mbao, fremu ya sofa yenye mguu mfupi, na watu wanne waliokuwa wamepata jibu la kila kitu tangu asubuhi. Obiero alivua kofia. Alifumba macho. Alitafuta Zaburi, akakosa. Akatafuta Isaya, akakosa. Alikamata mkono wa Mama Adoyo kwa sababu alihitaji kitu cha kukamata.

— Mungu, akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, posho mill karibu imeze. Huyu ni Mama Adoyo. Unamjua. Kesho anaenda Plateau na anaogopa. Na mimi naogopa. Mwamshe, tafadhali. Ni hayo tu... sijui kingine.

— Amina! akasema Mama Adoyo, kwa sauti ya kanisani.

— Amina, wakasema wengine, wamechelewa.

Tryphosa alifungua thermosi ampe Mama Adoyo kikombe, akaiinamisha, akaitikisa. Tone moja lilitoka. Wakili alikohoa kama mwenye neno la kufunga kikao, akatazamwa na wote, akaliacha neno hilo mahali lilipokuwa.

Mama Adoyo alirekebisha leso yake, akashika fimbo, akaanza safari ya kurudi. Baada ya hatua chache alisimama, akageuza kichwa.

— Gari ya Plateau inatoka kukiwa bado giza, Obiero, akasema. Usilale.